Caterina wa Karatasi: Mama Yake Leonardo Kati ya Hati na Riwaya

Tarehe 2 Novemba 1452, mjini Firenze, mwandishi wa hati aliyeitwa ser Piero aliketi kuandika karatasi ya kumwacha huru mjakazi. Bibi mwenye kummiliki alikuwa Monna Ginevra d'Antonio Redditi, mke wa Donato Nati. Mjakazi ametajwa kwa jina moja na kwa asili yake: Caterina, binti Jacob, mtu wa Circassia, yaani nchi ya Wacherkesi, huko kwenye milima ya Kaukazi pembeni mwa Bahari Nyeusi. Miezi sita na nusu kabla ya siku hiyo, ser Piero huyohuyo alikuwa amepata mtoto wa kiume nje ya ndoa, kijijini kwao Vinci. Mama wa mtoto huyo naye aliitwa Caterina. Mtoto ndiye Leonardo da Vinci.

Kisa chenyewe ni hicho. Hati moja, jina moja lililotokea mara mbili, na mwanamume mmoja aliyekuwepo pande zote mbili. Carlo Vecce, profesa wa Napoli aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake kusoma madaftari ya Leonardo, alikutana na hati hii katika hifadhi ya nyaraka za serikali mjini Firenze. Machi 2023 akautangazia ulimwengu kwamba anaamini Caterina wa hati na Caterina wa Vinci ni mtu mmoja. Magazeti yakashangilia. Ila namna aliyoichagua kuitoa habari hiyo iliwashangaza wenzake wa chuoni: aliandika riwaya, Il sorriso di Caterina, yaani Tabasamu la Caterina.

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na miswada ya riwaya za historia ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mwandishi anakuwa ameshika roho ya mtu aliyewahi kuishi. Kwa hiyo kisa hiki nimekifuatilia kwa karibu, na msimamo wangu nitausema mapema. Karatasi ile haithibitishi kwamba mjakazi wa Ginevra alimzaa Leonardo. Hata hivyo naona riwaya ilikuwa njia ya haki ya kumwendea mwanamke yule, pengine ya haki kuliko makala ya kitaalamu, mradi mwandishi akubali sharti moja: Caterina wa karatasi awe na thamani yake hata ikija kuonekana kwamba hakumzaa mtu yeyote maarufu.

Tuanze na yanayojulikana.

Babu yake Leonardo, mzee Antonio, alikuwa na daftari la zamani la ukoo, na kwenye ukurasa wake wa mwisho alikuwa na desturi ya kuandika watoto waliozaliwa. Mwaka 1452 akaongeza mistari michache: amezaliwa mjukuu wangu, mwana wa ser Piero mwanangu, tarehe 15 Aprili, Jumamosi, saa tatu za usiku. Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani kuliko Mzungu wa leo, maana Waitaliano wa enzi zile walihesabu saa tangu jua kuzama, kama sisi. Saa tatu za usiku ni saa tatu za usiku. Baada ya saa linafuata jina la padri aliyebatiza, kisha majina ya watu kumi waliosimamia ubatizo, wanaume watano na wanawake watano. Wamo majirani, wamo akina mama wa kijijini, yumo hata mtu mmoja aliyetambulishwa kwa Ujerumani wake. Aliyezaa hayumo. Mzee aliyekumbuka kuandika hadi saa hakuliandika jina la mwanamke aliyekuwa kitandani saa hiyo.

Jina lake tunalipata kwa sababu ya kodi. Serikali ya Firenze ilitoza kodi kwa kuandikisha mali ya kila kaya, na kila kinywa cha kulishwa kilimpa mwenye nyumba unafuu. Katika maelezo ya mwaka 1457 mzee Antonio akaorodhesha vinywa vyake, na miongoni mwao yumo Lionardo, umri miaka 5, mwana asiye wa ndoa wa ser Piero na wa Caterina, ambaye kwa sasa ni mke wa Accattabriga. Accattabriga ni lakabu, maana yake mtafuta ugomvi. Jina lake halisi ni Antonio di Piero Buti. Alikuwa mtu wa mashamba na tanuri la chokaa, aliishi Campo Zeppi, si mbali na Vinci, na Caterina alimzalia watoto watano. Ser Piero, kwa upande wake, alioa mwaka uleule wa 1452 binti wa familia ya Amadori, na baadaye wengine watatu, mmoja baada ya mwenzake.

Halafu kimya, miaka zaidi ya 30. Jina linarudi Milano, ndani ya daftari dogo la Leonardo mwenyewe, ambaye sasa ana miaka 41 na anafanya kazi kwa mtawala wa mji ule: tarehe 16 Julai; Caterina alikuja tarehe 16 Julai 1493. Tarehe ameirudia mara mbili. Neno mama hakuliandika. Katika daftari jingine la miaka hiyohiyo kuna hesabu ya gharama za kumzika Caterina. Nitairudia hesabu hiyo mwishoni, kwa kuwa ndiyo karatasi inayonigusa kuliko zote.

Na kabla sijamfikia Vecce, lazima nitaje alivyotangulia kuumizwa Caterina huyu na watu waliokimbilia kumjaza maneno. Mwaka 1910 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza nafsi za watu, alichapisha insha juu ya utoto wa Leonardo. Alishika kumbukumbu moja ambayo Leonardo aliiandika, ya ndege aliyemjia akiwa mtoto kitandani na kumpiga midomoni kwa mkia. Freud alimsoma ndege huyo kuwa tumbusi, akaenda hadi Misri ya kale ambako tumbusi alihusishwa na mama, akajenga picha nzima ya mwanamke mpweke aliyembusu mwanawe kupita kiasi. Kumbe neno la Kiitaliano ni nibbio, na nibbio ni mwewe. Mwewe wetu huyuhuyu anayenyakua vifaranga uani. Tafsiri iliyokosewa iliziangusha nguzo za Misri zote. La pili ni zito zaidi kwa mada yetu. Freud alipotaka kujua yule Caterina aliyefika Milano alikuwa nani, alimtegemea mwandishi wa riwaya, Mrusi Merezhkovsky, aliyekuwa ameamua kwamba ni mama aliyekuja kumwona mwanawe. Kisio la mtunzi likaingia katika insha ya daktari, na kutoka kwa daktari likazagaa vitabuni likiwa limevaa koti jeupe la sayansi.

Kwa mhariri, hilo ni onyo kubwa kuliko yote. Riwaya haikosei inapobuni. Kosa huanza pale ubunifu unapopoteza alama zake na kuanza kutembea mitaani kama ushahidi.

Sasa mshindani. Mwaka 2017 Martin Kemp, Mwingereza aliyebobea katika kazi za Leonardo, pamoja na mtafiti Giuseppe Pallanti, walimleta Caterina mwingine: Caterina di Meo Lippi, yatima wa miaka 15 hivi, aliyekuwa akiishi na mdogo wake wa kiume karibu kabisa na Vinci. Hoja yao ina utulivu wa mambo ya kijijini. Ser Piero alikuwepo Vinci Julai 1451. Msichana maskini asiye na baba alikuwepo. Miezi tisa baadaye mtoto akazaliwa hapohapo. Na familia ikamtafutia mama mume wa jirani. Haihitaji meli wala soko la watumwa. Hata baada ya riwaya ya 2023 Kemp alibaki na Caterina wake wa shambani.

Kuna pia waliowahi kumdhania mtumwa kabla ya Vecce. Mwaka 2008 Francesco Cianchi alichapisha utafiti ulioanzishwa na baba yake, uliomhusu Caterina mtumwa wa tajiri mmoja wa Firenze aliyekuwa na uhusiano wa karibu na ser Piero. Zipo na dhana nyingine zilizojengwa juu ya alama za vidole au juu ya sura ya Mona Lisa. Hizo sitazipotezea muda.

Nikiwapima hawa wawili, msichana wa Vinci na mjakazi wa Firenze, kila mmoja anakwama mahali. Wa Vinci anakwama kwa kuwa hakuna karatasi inayomgusisha na ser Piero. Ukaribu wa nyumba si ushahidi wa kitanda. Wa Firenze ana karatasi inayomgusisha, tena kwa mkono wa ser Piero mwenyewe, lakini ana tatizo la mahali: alikuwa mali ya Ginevra mjini, na mtoto alizaliwa na kubatizwa Vinci. Vilevile jina halitusaidii. Mjakazi akifika Italia alibatizwa, na majina waliyopewa yalikuwa machache yanayojirudia: Caterina, Maria, Lucia, Maddalena. Kutafuta Caterina mjini Firenze mwaka 1452 ni kama kutafuta Mwanaisha Lamu.

Kinachonifanya nimwegemee wa Firenze kidogo, na nasema kidogo, ni daftari la mtu wa tatu. Francesco Castellani, mheshimiwa wa Firenze, aliweka kumbukumbu za nyumba yake, na humo ameandika kwamba mwaka 1450 alimkodi kwa Monna Ginevra mjakazi wake Caterina ili amnyonyeshe binti yake Maria, kwa florini 18 kwa mwaka. Tuitazame vizuri habari hii. Ili mwanamke anyonyeshe, lazima awe amezaa. Basi kabla ya Leonardo, awe ni mwanawe au asiwe, Caterina wa karatasi alishakuwa na mtoto mwingine, na maziwa ya mtoto huyo yalikodishwa. Florini 18 zilikwenda kwa Ginevra. Mtoto mwenyewe alikwenda wapi, hakuna aliyeandika. Tangu 1445 Firenze ilikuwa na nyumba mpya ya kupokea watoto waliotupwa, Innocenti, yenye baraza nzuri iliyobuniwa na msanifu majengo Brunelleschi ambayo watalii wanaipiga picha hadi leo, na wengi wa watoto walioachwa hapo walikuwa wamezaliwa na wajakazi.

Hapa ndipo naona kisa kinapokuwa kizito, na ndipo waandishi wengi wangepita haraka wakimkimbilia Leonardo.

Wasomaji wetu wengi hushtuka kusikia kwamba Firenze ya wachoraji ilikuwa na watumwa. Ilikuwa nao kwa sheria. Tauni ya 1348 iliua watu wengi kiasi kwamba wafanyakazi wa nyumbani wakawa adimu na ghali, na mwaka 1363 wakuu wa mji wakaruhusu kuingizwa watumwa wa kigeni bila kikomo, mradi asili yao isiwe ya Ukristo wa Roma. Daftari la mauzo la mji lililoanza 1366 linaonyesha watumwa 357 katika miaka kama 30 ya mwanzo, na sehemu kubwa mno ni wanawake na wasichana. Walitoka hasa pembezoni mwa Bahari Nyeusi, wakipitia Caffa iliyokuwa ya Wagenova, na Tana, kwenye mlango wa mto Don, ambako Wavenezia walikuwa na kituo. Huko wakipakiwa, njia ilikuwa Konstantinopoli, kisha Venezia au Genova. Aliyempa mimba mjakazi wa mtu mwingine alidaiwa fidia na mwenye mali, maana uzazi ungeweza kumuua na hasara ingekuwa ya bwana. Genova walifika hadi kukata bima dhidi ya kifo cha mjakazi mjamzito.

Sisi wa pwani tuna maneno ya mambo haya, na maneno yenyewe yanauma. Mtumwa aliyeshuka chomboni juzi aliitwa mjinga, kwa kuwa hajaijua lugha wala desturi. Aliyezaliwa mjini akaitwa mzalia. Mwanamke aliyechukuliwa na bwana wake ni suria. Mwenye kupewa karatasi ana hati ya uhuru. Nikisoma habari za Caterina kwa Kiitaliano naona wingu. Nikizitafsiri kichwani kwa maneno hayo naona mtu. Alifika Firenze akiwa mjinga. Akawa mnyonyeshaji wa kukodishwa. Akapewa hati.

Tena pwani yetu ina Mcherkesi wake. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alikuwa binti wa Sayyid Said na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886, Salme anasimulia alichokisikia kwa mama yake. Baba yake Jilfidan alikuwa mkulima. Vita vikaja ghafla, familia ikajificha chini ya ardhi, wakagunduliwa, wazazi wakauawa, na watoto watatu wakachukuliwa na wapanda farasi watatu, kila mmoja kwa wake. Mdogo wa kike alikuwa akilia akimwita mama yao. Hadi jioni Jilfidan alikuwa akimsikia. Kisha njia zikaachana, hakumsikia tena. Alipofika mikononi mwa Sayyid Said alikuwa na miaka saba au minane hivi, na Salme anajuaje? Kwa sababu jino la kwanza la utotoni lilimng'oka mama yake akiwa tayari nyumbani kwao.

Jino hilo mimi sijalisahau tangu siku niliyolisoma. Hakuna karani angeliandika. Hesabu za forodhani zingemwandika mtoto wa kike, afya nzuri, bei kadhaa. Limefika kwetu kwa kuwa mama alimwambia binti, na binti alijua kuandika. Kati ya Caterina na Jilfidan kuna miaka karibu 400, na bado ni mlima uleule, bahari ileile, biashara ileile iliyobadilisha manahodha tu. Tofauti ni kwamba Jilfidan alipata mtoto aliyemuuliza maswali, au aliyekuwa tayari kuyaandika majibu. Leonardo aliandika juu ya maji, mabawa, moyo wa ng'ombe na ulimi wa kigong'ota. Juu ya mama yake hakuandika.

Iko tofauti nyingine. Unguja, mwana wa suria alikuwa mwana kamili wa baba yake. Majid na Barghash wote walizaliwa na masuria na wote walitawala. Firenze, mwana wa nje ya ndoa hakuweza kuingia hata katika chama cha waandishi wa hati, kazi ya baba yake na ya ukoo wake. Leonardo akapelekwa kwa mchoraji. Simaanishi kwamba utumwa wa huku ulikuwa mwema. Jilfidan hakuchagua kuja. Ninachosema ni kwamba mtunzi wa Kiswahili atakayejaribu kumwandika Caterina asichukue mizani ya Unguja akaipeleka Toscana. Nimeshaona miswada inayofanya hivyo, mama mtumwa anainuliwa kwa sababu ya mwanawe mkubwa. Caterina hakuinuliwa. Alipewa mtafuta ugomvi wa Campo Zeppi.

Basi Vecce alifanya nini na haya yote? Jambo moja alilofanya nalivulia kofia: hakumpa Caterina usimulizi. Kila sehemu ya riwaya inasimuliwa na mtu mwingine aliyewahi kuwa karibu naye, akianza baba yake, wakafuata wafanyabiashara na mabwana, Donato, Ginevra, Piero, hadi Leonardo. Anapita mikononi mwa sauti za watu kama alivyopita mikononi mwao kwa mwili. Wapo wanaolalamika kwamba kwa kufanya hivyo amemnyamazisha tena. Mimi naona kinyume. Kumpa sauti ya kwanza, afikiri kama mwanamke msomi wa leo, apange kutoroka, atamke hotuba juu ya uhuru, kungekuwa kumwibia mara ya pili. Kumbukumbu zinamjua kwa macho ya wengine tu, na umbo la riwaya likakiri hilo waziwazi. Mshono unaonekana.

Palipo na udhaifu ni nje ya kitabu. Siku ya uzinduzi, profesa na mtunzi walizungumza kwa kinywa kimoja, na magazeti hayakuwa na subira ya kuwatenganisha. Kichwa cha habari kikawa: mama yake Leonardo alikuwa mtumwa. Pale pale mwewe akageuka tumbusi. Laiti hati ingechapishwa kwanza peke yake, na maelezo yake, wenye kuipinga wakaipinga, kisha riwaya ikafuata ikiwa imebeba jina lake la riwaya, Caterina angelindwa zaidi. Hilo ningemwambia uso kwa uso, kwa heshima.

Mandhari ambayo kila mtunzi angeitaka ni ile ya tarehe 2 Novemba yenyewe. Nimeifikiria mara nyingi. Mwandishi mchanga ataifanya kuwa mandhari ya mapenzi: Piero anatetemeka, kalamu inachuruzika wino, macho yanakutana. Labda ilikuwa hivyo. Vecce mwenyewe anaona makosa katika mwandiko wa siku hiyo na kuyasoma kama mshtuko wa moyo. Lakini ningemwomba mwandishi wangu aiandike kama kazi ya ofisini. Mwandishi wa hati ana kanuni zake za Kilatini, anazijua kwa moyo kama karani wa mahakama anavyojua fomu zake. Anaandika jina la bibi, la mume wa bibi, la ukoo, la mtaa. Anafika kwenye mjakazi. Lazima aulize jina la baba, kwa kuwa fomu inadai jina la baba. Na mwanamke ambaye kwa miaka kadhaa ameitwa kwa jina la ubatizo alilopewa na wageni, lazima atamke mbele ya watu jina la mtu aliyemwacha Kaukazi. Jacob. Huenda hakuwahi kuulizwa hilo tangu atie mguu Italia. Kwangu hapo ndipo riwaya ilipo, na haihitaji busu. Ikiwa Piero ndiye baba wa mtoto wake, uchungu utakuwepo ndani ya swali hilo la kikarani bila kusaidiwa. Ikiwa siye, bado mwanamke amesema jina la baba yake na limeandikwa, na limedumu zaidi ya miaka 570.

Hati haimtaji mtoto. Ikiwa Caterina huyu ndiye, kuna mtoto wa miezi sita mahali fulani siku hiyo: amebebwa, au ameachwa Vinci kwa babu, au ananyonyeshwa na mwanamke mwingine wakati mama anatafutiwa karatasi. Ningemshauri mwandishi asimwingize chumbani. Amwache mahali asipojulikana alipo, na msomaji amtafute kwa macho katika kila aya, kama mama mwenyewe ambavyo angemtafuta.

Nimeahidi kuirudia hesabu ya Milano. Orodha ya vifo ya mji ule inaye Caterina wa Firenze, aliyefariki Juni 1494 akiwa na umri wa miaka 60, mwaka mmoja kasoro wiki chache tangu yule wa kwenye daftari alipowasili. Leonardo ameorodhesha gharama kwa fedha ndogo za wakati ule, soldi, mstari kwa mstari. Nta ratili 3, soldi 27. Jeneza, 8. Kitambaa cha kufunika jeneza, 12. Kubeba msalaba na kuusimamisha, 4. Wachukuzi wa maiti, 8. Mapadri wanne na makleri wanne, 20. Kengele, kitabu na sponji, 2. Wachimba kaburi, 16. Mzee msimamizi, 8. Kibali cha maofisa, 1. Nimezijumlisha mwenyewe: 106, na 106 ndiyo aliyoandika. Chini yake kuna malipo ya tabibu, na sukari na mishumaa kwa 12, vitu vya siku za ugonjwa, vilivyonunuliwa wakati bado kulikuwa na tumaini.

Waliosema kwamba huyu alikuwa mtumishi tu wa nyumbani wanaulizwa kuhusu mapadri wanne na ile nta. Wanaosema ni mama wanaulizwa kuhusu ukavu wa orodha. Mimi nikiisoma namwona mtu aliyekaa usiku akihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi iliyobaki kufanyika. Juu ya orodha ameandika kwamba ni ya maziko ya Caterina. Babu yake aliliacha jina hilo nje ya ukurasa wa kuzaliwa. Mjukuu ameliandika juu ya ukurasa wa kuzika, bila la baba yake, bila la mumewe, na bila kusema alikuwa nani kwake.